Kopo la Raskazone: maganda 58 na swali la kujaza upya

Shimo la karo lilikuwa limefika kiunoni mwa mchimbaji pale sururu ilipotoboa kopo la bati. Kiwanja kiko Raskazone, Tanga, upande ambako udongo unaisha haraka na jiwe la matumbawe linaanza, na zamani palikuwa na zizi la ng'ombe. Ndani ya kopo mlikuwa na maganda ya risasi yaliyoshikana kwa udongo na unga wa kijani. Yalipohesabiwa yalikuwa 58.

Hadi jioni kulikuwa na kauli tatu. Mchimbaji alisema ni za Mjerumani, za vita vya 1914. Mnunuzi wa skrepa alisema ni shaba njano na atalipa kwa kilo. Mwenye kiwanja, ambaye shemeji yake anamiliki rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .38 kihalali, aliuliza jambo moja tu: "Hizi haziwezi kujazwa upya, mzee? Risasi za dukani zimekuwa ghali mno." Kauli zote tatu zilitolewa kabla ya mtu yeyote kushika venia, kifaa cha kupimia hadi sehemu ndogo za milimita.

Kabla ya venia kuna kazi nyingine, nayo ni kutenga kilicho tupu na kisicho tupu. Kati ya 58, 56 yalikuwa maganda matupu. Moja lilikuwa na kichwa chake bado mdomoni, na fataki yake, kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti, ina tundu la kugongwa. Watu wengi hulichukulia la namna hii kuwa limekufa kwa sababu "limeshapigwa". Kumbe hiyo ni risasi iliyogoma: nyundo iligonga, fataki haikuwaka au iliwaka nusu, na baruti yote imo ndani. Hakuna anayeweza kusema kwa kuitazama kwamba haitawaka ikigongwa mara ya pili. La mwisho lilikuwa tupu juu, lakini fataki yake ni nzima, haina alama. Hilo nalo si ganda tupu. Fataki peke yake ina nguvu ya kurusha vipande vya shaba usoni, na dhana kwamba kuloweka kwenye mafuta kunaiua haitegemeki. Hivi viwili havikupimwa, havikusuguliwa wala kubebwa kwa bodaboda. Viliachwa kivulini pale pale, pakawekwa alama, na kituo cha polisi kikapigiwa simu waje wavichukue wenyewe.

Yaliyobaki yalioshwa kwa maji matupu na mswaki laini, yakaanikwa, kisha kila ganda likapimwa mahali pane: urefu wote, upana wa ukingo wa kitako, unene wa ukingo huo, na upana wa mwili juu kidogo ya ukingo. Mdomo haukupimwa kama ushahidi. Mdomo wa ganda lililofyatuliwa hutanuka, na wa ganda lililokaa chini ya udongo hupondeka. Anayeanza huchomeka venia mdomoni, anapata milimita 11 na kitu, anakwenda kutafuta risasi ya milimita 11, na siku yake imepotea.

Kwa vipimo hivyo rundo liligawanyika mafungu manne.

Fungu kubwa, maganda 31, lilikuwa na urefu wa milimita 19 na nusu hivi, ukingo wa 13.5, na mwili wa 12.1 au 12.2. Hilo ni .455 Webley la kesi (yaani ganda) fupi, lililoanza kutengenezwa 1897 na kuwa risasi ya rivolva ya jeshi la Uingereza kwa miaka mingi. Unene wa ukingo ndio unaoondoa shaka. Ukingo wa .455 ni mwembamba, milimita moja au pungufu kidogo, wakati ukingo wa .45 Colt ya Marekani ni kama milimita moja na nusu, na kesi yake ina urefu wa 32.6. Ukiweka ganda la .455 mezani likasimama kwa kitako, ukingo wake unaonekana kama kifuniko cha soda kilichobanwa.

Maganda 6 yalikuwa na kila kipimo cha fungu la kwanza isipokuwa urefu, uliokuwa milimita 22. Hii ni kesi ndefu ya .455, ile ya 1891. Hapa ndipo wengi huandika "ya zamani zaidi" na kufunga daftari. Lakini Kanada iliendelea kutengeneza .455 ya kesi ndefu muda mrefu baada ya Uingereza kuifupisha, kwa hiyo urefu peke yake hautoi umri. Sita hizi hazikuwa na mwaka kitakoni, na herufi zilikuwa zimeliwa na kutu, zikabaki kwenye daftari kama ".455, kesi ndefu" bila tarehe. Ni afadhali nafasi iliyo wazi kuliko tarehe ya kubuni.

Fungu la tatu, maganda 14, ndilo lililomfurahisha mwenye kiwanja. Urefu 19.6, ukingo 11.1, mwili 9.8. Hii ni .380 ya rivolva za Kiingereza, ambayo kwa vipimo ni ndugu wa .38 Smith & Wesson. Jeshi la Uingereza liliihamia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na rivolva ya Enfield No. 2 iliyoitumia ilipokelewa rasmi 1932. Tutarudi kwake, kwa sababu jina lake ni mtego.

La nne lilikuwa na maganda 5 tu: urefu 24.6, ukingo 13, mwili 11.5. Vipimo hivi ni vya risasi ya Reichsrevolver ya Ujerumani, milimita 10.6, ya mfano wa 1879 na 1883. Tatizo ni kwamba ni vilevile kabisa, kwa kiasi ambacho venia ya mkononi haiwezi kutofautisha, na .44 Smith & Wesson Russian, ambayo Wajerumani waliiga. Hapa venia imefika mwisho wa uwezo wake, na inabidi kusoma kitako.

Kusoma kitako kilichochakaa kuna namna yake. Usisugue kwa msasa wala kwa brashi ya waya, maana kina cha herufi ni sehemu ndogo sana ya milimita na brashi inaifuta kabla ya kutu. Paka unga wa chaki nyeupe kwa kidole, futa juu kwa karatasi laini, chaki inabaki ndani ya herufi. Kisha zima taa ya chumba, laza tochi ya simu karibu na meza ili mwanga uje ubavuni, na uzungushe ganda polepole. Herufi moja hutokea kwenye robo ya mzunguko, inapotea, nyingine inatokea. Lenzi ya fundi saa ya mara kumi inatosha. Ganda moja kwa namna hii linachukua dakika tano hadi kumi, na picha inapigwa kila herufi inapojitokeza, kwa sababu ukiligeuza tena huenda usiipate.

Kwenye fungu kubwa herufi zilizotoka mara nyingi zilikuwa R na L zikiwa na mshale mpana katikati, chapa ya karakana ya kifalme ya Woolwich, na K ya Kynoch wa Birmingham. Mawili yalikuwa na KF, kiwanda cha Kirkee karibu na Poona, India, jambo ambalo halishangazi kwenye bandari iliyotazamana na Bombay. Namba ya Kirumi ni ya toleo la risasi: II ndiyo iliyojaa, na haikuwa na mwaka kwenye mengi. Kwenye maganda ya Kijerumani matatu hayakuwa na kitu chochote kinachosomeka. Mawili yalikuwa na D na M, chapa ya kiwanda cha Karlsruhe, Ujerumani. Kwa hiyo mawili yanaandikwa Kijerumani bila wasiwasi, na matatu yanaandikwa "10.6 ya Kijerumani au .44 Russian".

Sasa fungu la .380. Ganda la tisa kupakwa chaki lilitoa maandishi safi kuliko yote: K, 43, .380, II na z. K ni Kynoch. 43 ni mwaka 1943. II ni toleo lenye kichwa kilichovikwa koti la metali, na z maana yake baruti ni ya aina ya nitroselulosi badala ya kodaiti, baruti ya kawaida ya jeshi la Uingereza. Ganda hilo moja lilibomoa hadithi ya mchimbaji. Kopo haliwezi kuwa lilizikwa kabla ya kitu kichanga kuliko vyote kilichomo. Hata kama maganda mengine 55 yangekuwa ya 1914, aliyeyaweka pamoja alikuwa hai 1943 au baadaye.

Hii haimaanishi kwamba hakuna ganda humu lililokuwepo Tanga tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914. Wanajeshi wa Kihindi na wa Kiingereza wa Jenerali Aitken, karibu 8,000, waliteremka upande huu huu wa Raskazone, wakarudishwa baharini na kikosi cha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kilichokuwa kidogo mara kadhaa, wakaacha ufukweni bunduki mamia na risasi nyingi mno. Lakini fikiria silaha zenyewe. Waliopigana pale walikuwa na bunduki: .303 za upande mmoja, na upande wa pili Mauser, nyingi zikiwa zile za 1871 zenye baruti ya moshi. Rivolva ilikuwa ya ofisa. Maganda ya vita vya Tanga yakipatikana kwa wingi mahali pamoja, mengi yatakuwa marefu, ya bunduki. Kopo lenye maganda 56 ya rivolva na hakuna hata moja la bunduki halifanani na uwanja wa vita.

Alama za nyundo zinasema hivyohivyo. Katika maganda 31 ya .455 fupi, 22 yana tundu la nyundo lililokaa pembeni upande mmoja, na kina chake ni kimoja, kana kwamba limepigwa kwa muhuri. Hizo ni risasi 22 kutoka rivolva moja au mbili zilizofyatuliwa mahali pamoja. Mtu aliyekuwa shabahani alikuwa anafungua silinda, anamwaga, anajaza, na mwingine anaokota. Kipindi cha ukoloni wa Kiingereza polisi na maofisa walikuwa wakifanya mazoezi ya shabaha, na kopo la rangi lililobaki tupu ndilo chombo cha kwanza mkononi. Haya ni makadirio, ila yanabeba ushahidi wote. Hadithi ya 1914 inaacha nusu yake nje.

Basi swali la shemeji. Maganda 14 ya .380, rivolva ya .38, na baruti ambayo inasemekana inapatikana. Kwa nini isiwezekane?

Kwanza jina. Kuna .380 tatu au nne duniani ambazo hazilingani. .380 iliyoandikwa kwenye ganda hili ni ya rivolva ya Kiingereza, ina ukingo, urefu 19.6. .380 Auto ya bastola ya magazini haina ukingo unaochomoza na urefu wake ni 17.3. .38 Special, ambayo ndiyo watu wengi wanayo wanaposema "thelathini na nane", ina ukingo ule ule wa 11.1 au 11.2, lakini urefu wake ni 29.3 na mwili wake ni mwembamba: 9.6 badala ya 9.8. Kwa hiyo ganda la .380 ya Kiingereza haliingii kwenye silinda ya .38 Special, limenenepa. Na kinyume chake kuna ubaya wake. Rivolva nyingi za Smith & Wesson zilizotengenezwa kwa ajili ya Waingereza wakati wa Vita vya Pili baadaye zilitobolewa silinda ili zipokee .38 Special. Nyuma ya tundu bado pana, mbele pamenyooshwa. Ganda la .38 Special likifyatuliwa humo hutoka limevimba kitako kama mbuyu, na mengine hupasuka ubavuni. Rivolva ya shemeji, leseni ilipoangaliwa, ilikuwa .38 Special. Kwa maganda haya jibu lilikuwa limeshatoka.

Lakini tuseme ingekuwa silinda sahihi. Tazama ndani ya ganda kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati, fataki ni ya mfumo wa Boxer, na pini nyembamba inaisukuma nje. Ukiona vitundu viwili vidogo vya pembeni na kijiti cha shaba katikati, ni Berdan. Katika maganda haya ya Kiingereza, yote yaliyoweza kuonekana ndani yalikuwa Berdan. Pini ya kawaida ikishuka inagonga kile kijiti, inavunjika au inatoboa kitako. Wanaoshughulika na Berdan huko ambako inaruhusiwa hujaza maji ganda zima na kugonga fimbo inayobana mdomoni, ili maji yenyewe yasukume fataki. Inatoka. Halafu mtu anagundua kwamba fataki za Berdan zina vipimo vingi, na cha ganda lake hakiuzwi.

Kisha shaba yenyewe. Ganda la risasi ni aloi ya takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki. Fataki za zamani zilikuwa na zebaki. Ikifyatuliwa, zebaki inaingia kwenye shaba na kuifanya iwe kavu na ya kukatika, na hakuna dawa, joto wala asidi inayoitoa. Hilo ni adui wa kwanza. Wa pili ni chumvi ya bahari inayonyonya zinki na kuacha shaba ya rangi ya waridi yenye matundu kama sponji. Alama hizo zilionekana kwenye maganda 9. Wa tatu ni zizi. Waingereza walijifunza jambo hili India: risasi zilizotunzwa mazizini wakati wa masika zilikuwa zikipasuka mdomoni zenyewe. Maelezo ya kisayansi yalichapishwa 1921: amonia ya mkojo wa farasi inashambulia shaba ambayo bado ina mkazo wa kukunjwa kiwandani. Mkojo wa ng'ombe hauna huruma zaidi. Chini ya lenzi, nyufa za kopo hili zinaanzia mdomoni na kushuka wima, nyembamba kama unywele, na nyingine zinashika hadi nusu ya ganda.

Maganda matatu mabaya kuliko yote yalitolewa sadaka. Mdomo ukabanwa taratibu kwa koleo. Shaba nzuri hukunjwa na kulala. La kwanza lilijikunja kidogo. La pili lilipiga kelele ndogo na kupasuka mahali pa ufa. La tatu lilikatika kama biskuti, na uso wa mkato ulikuwa wa kijivu na wa punje badala ya njano ing'aayo. Kuna njia isiyoharibu: yatikise maganda mawili mawili mkononi karibu na sikio. Mazima hulia kama sarafu. Lenye ufa hulia kama kopo.

Ganda la namna hiyo likijazwa na kufyatuliwa, mdomo unapasuka na gesi ya moto inarudi nyuma kupitia ukingo. Rivolva haina mlango mzito wa kuizuia kama bunduki; kuna uwazi kati ya silinda na mtutu, na kuna uso wako.

Huko ambako kujaza upya ni halali, wenye Webley ya .455 hawashiki maganda kama haya. Ama wananunua mapya, maana Fiocchi wa Italia bado anaitengeneza .455 kwa mfumo wa Boxer, ama wanakata maganda mapya ya .45 Colt hadi milimita 19 na nusu, kwa kuwa mwili ni upana ule ule, na kuupunguza ukingo. Ukingo unapunguzwa upande wa mbele. Anayeukwangua upande wa nyuma anafupisha kina cha tundu la fataki, na fataki inabaki imechomoza, tayari kugongwa wakati silinda inafungwa. Tanzania haya ni maarifa ya kusoma tu. Kujaza risasi ni kutengeneza risasi, na chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hiyo si kazi ya meza ya jikoni, hata kwa mwenye leseni ya bastola.

Kwa hiyo maganda 53 yaliyobaki mazima kiasi yalihitaji kutunzwa tu, mradi polisi waliokuja kwa ajili ya yale mawili wameyaona na hawana neno. Hayakung'arishwa. Dawa nyingi za kung'arishia shaba zina amonia, yaani kile kile kilichoyapasua. Kwenye matano yaliyokuwa na unga wa kijani kibichi usiokauka, juisi ya ndimu iliyozimuliwa kwa maji sawa kwa sawa ilipakwa kwa mswaki kwa dakika tano, kisha maji mengi, kisha maji yenye kijiko cha magadi, kisha maji safi tena, na jua la asubuhi. Ndimu ikiachwa usiku kucha inanyonya zinki kama bahari, na ganda linatoka la waridi. Yakawekwa kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Unga wa kijani ukirudi baada ya wiki, chumvi bado imo, na kazi inarudiwa.

Mnunuzi wa skrepa alirudi siku ya pili na mizani. Mwenye kiwanja alimuuliza angelipa ngapi, akamtajia, kisha akamwonyesha lile la K 43 kwenye picha ya simu. "Hilo nalo linaingia kwenye kilo," mnunuzi akasema. Hakuuziwa. Mawili ya Karlsruhe, lile la 1943 na karatasi ya vipimo yote vimefungwa pamoja kwa ajili ya kupelekwa kwenye makumbusho ya Urithi, Boma la zamani la mjini, karatasi ikiwa na mchoro wa shimo, kina, umbali kutoka ukuta wa nyumba, na neno "zizi" limepigiwa mstari.